Baba Aliyetangazwa Kupotea

"Mabibi na mabwana, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wasioalikwa! Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kupotea kwa Mzee Cassien Nshimiyimana, mtu mzima mwenye akili timamu, mrefu wa wastani, mweusi wa wastani, mwenye tumbo zaidi ya wastani. Mara ya mwisho alionekana akielekea upande wa aiskrimu. Atakayemwona asimkimbize, maana hushtuka upesi. Amshike mkono kwa upole na kumleta kwenye hema la watoto waliopotea, ambako mwanawe anamsubiri kwa moyo mzito."

Mshereheshaji alikuwa amefika kwenye moyo mzito ndipo akang'amua kwamba ameshikishwa mzaha. Akakohoa. Akaifunika maikrofoni kwa kiganja, akamuuliza kitu mpiga gitaa, mpiga gitaa akamjibu kwa mabega. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba mmoja karibu na kasri la kurukia la watoto akapaza sauti kwamba hata yeye amepotea, wamtangaze, ila mkewe asiambiwe.

Katika tangazo lile, yaliyokuwa kweli ni mawili tu: jina na tumbo.

Mtunzi wake alikuwa Aimable Kalisa, miaka kumi na minne, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Huko shuleni walimu hawakuhitaji kumtaja jina. Wakisema "yule", kila mtu alielewa. Ni yule aliyesoma wasifu wa marehemu siku kipande kimoja cha nyama kilipoonekana ndani ya maharage ya bwalo, akaeleza elimu ya marehemu na mchango wake kwa taifa, mpaka mpishi mkuu akatupa mwiko. Ni yule aliyewaaminisha wageni wa kidato cha kwanza kwamba chandarua hupigiwa saluti kabla ya kulala, na kwa muda wakapiga.

Nyumbani Kabeza, jijini Kigali, hakukuwa na wa kumpigia saluti. Mama yake alikuwa ameenda Huye kumuuguza bibi. Baba yake alifanya kazi kwenye ghala moja la Masoro, akitoka kabla Aimable hajaamka na kurudi Aimable akiwa ameshalala. Kwa hiyo likizo ile Aimable alimjua baba yake kwa dalili, kama watu wanavyomjua panya: sabuni imelowa, kiatu kimehama, mkate umepungua. Wakati mwingine alikuta chakula kimefunikwa kwa sahani, naye akakila akiiangalia ile sahani ya kufunikia kana kwamba ingesema neno.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, tena kidogo mno kwa mtu mwenye sifa kama zake: baba yake aje mahali alipo. Si lazima alete kitu. Aje tu.

Shuleni kulikuwa na siku ya kutembelewa. Wazazi walimiminika na chapati, mayai ya kuchemsha na chupa za juisi, wakatandika vitenge kwenye majani, na kila mwanafunzi akakaa na watu wake. Mara mbili baba yake alisema kwa simu ya matroni, "Nitakuja, mwanangu, unisubiri langoni." Mara mbili Aimable alipaka viatu dawa akasimama langoni hadi kengele ya jikoni ikalia. Mara ya pili aliwakusanya wenzake wasiotembelewa, akaunda chama, akajichagua mwenyekiti, akahutubia juu ya haki ya binadamu kupewa yai la mwenzake. Walicheka sana. Jioni ile hakula.

Basi Jumamosi hii akaenda tamashani. Tangazo alikuwa ameliona siku kadhaa nyuma kwenye ukuta wa duka la jirani: muziki wa wazi kwa familia nzima, uwanjani Kimironko, kiingilio bure, aiskrimu bure, bisi bure, maziwa bure. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena alipotumwa chumvi.

Langoni, vijana wa fulana za njano walikuwa wakiwafunga watu bangili za karatasi, rangi moja kwa familia moja. Kwenye meza za vitu vya bure, mtoto hakupewa kitu mpaka mkono wake na mkono wa mtu mzima iwe na rangi moja.

"Uko na nani?" kijana wa lango akamuuliza.

"Na Papa. Anaegesha gari."

Baba yake hakuwa na gari. Hakuwa hata na baiskeli.

"Ingia. Lakini bangili utafungwa akija."

Akaingia. Bendi ilikuwa ikipiga, watoto wakicheza mbele ya jukwaa wakiwa wamenyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe, na kila mahali palikuwa na vitenge vilivyotandikwa, na juu ya kila kitenge palikuwa na watu wa mtu. Aimable alipita katikati yao mikono mfukoni, uso wa mkaguzi wa wilaya. Mama mmoja akamsimamisha. "Kijana, tusaidie picha." Akawapiga. Hatua chache mbele, familia nyingine ikamwomba hivyo hivyo, kisha nyingine. Walimchagua kwa sababu ilikuwa rahisi kuona kwamba hakuwa wa mtu. Alipiga picha vizuri, akiwaambia wazee wainue kidevu na watoto waache kutoa ulimi. Akarudisha simu za watu na kusema, "Karibuni tena studio."

Aliyegawa bisi aliambiwa kwamba Papa yuko njiani. Dada wa maziwa aliambiwa Papa amechelewa kidogo, ni mtu wa majukumu. Uongo una tabia hii, kwamba ukiurudia vya kutosha unaanza kukutumikisha wewe mwenyewe. Baada ya dada wa maziwa, Aimable alianza kutazama lango.

Ndipo alipoliona hema la watoto waliopotea. Chini ya turubai la bluu, watoto wanne au watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mashavu yana chumvi ya machozi, na kila mmoja ana aiskrimu mkono huu na bisi mkono ule. Huko hakuna aliyeulizwa rangi ya bangili.

Msimamizi wa hema alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, aitwaye Spéciose. Alikuwa amembeba mtoto wa kike aliyelia kwa kupokezana na mpiga tarumbeta.

"Shikamoo, Mama. Nimepotelewa."

"Umepotea? Ndevu zinaanza hivi?"

"Mimi sijapotea. Papa ndiye amepotea. Aliahidi kuja, tukutane hapa uwanjani, na simwoni."

Spéciose alimtazama, akamtazama yule mtoto aliyekuwa akimvuta hereni, akaona kwamba hana mkono wa tatu. "Karatasi iko pale, kalamu iko pale. Andika mwenyewe, mpelekee yule wa maikrofoni. Jina na alivyovaa, basi. Halafu chukua aiskrimu, ukae kimya."

Aimable akaandika. Akiwa na kalamu mkononi, na hasa akiwa na watu wa kucheka upande wa pili, hakuwahi kujua neno "basi" maana yake nini.

Kicheko cha uwanja kilipomfikia pale hemani, kilimpendeza kwa muda wa kulamba mara moja. Kisha akajikuta ameacha kulamba. Jina la baba yake lilikuwa limepita juu ya vichwa vya watu wote wale, limefika ukutani upande wa pili, limerudi. Akageuza macho langoni. Ilikuwa upuuzi na alijua ni upuuzi, lakini aligeuza.

Na mtu akaja kweli.

Alikuja mbio, akiruka vitenge na miguu ya watu, mwanamume wa makamo mwenye tepu ya fundi cherehani bado shingoni na tumbo ambalo mtu wa haki angeliita zaidi ya wastani. Mkono mmoja alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo. Alipofika alikuwa anahema hata kusema hawezi.

"Mimi… ndiye… Nshimiyimana," akasema. "Cassien. Nani ameumia? Ni Mukunde?"

"Hakuna aliyeumia, Papa," Spéciose akasema. "Pumua kwanza. Mtoto wako huyu hapa."

Yule mwanamume akamtazama Aimable. Mkono uliokuwa nyuma ukasahau kazi yake ukaja mbele, na wote wakaona alichokuwa anakificha: aiskrimu, imeyeyuka mpaka kwenye kiwiko. Watu wa umri wake wamelelewa kuona haya kula mbele za watu. Alikuwa amesimama nyuma ya gari la maji akiila kwa siri, ndipo akasikia jina lake.

"Kijana," Spéciose akauliza, "huyu ndiye baba yako?"

Jibu lilikuwa rahisi. Hata mjinga wa darasa angelipata. Lakini Aimable alikuwa akiangalia kifua cha yule mtu kikipanda na kushuka, na magoti ya suruali yake yaliyojaa vumbi, maana alikuwa ameanguka mahali fulani njiani na kuinuka. Amesikia jina tu, akaja mbio hivi. Aimable alitaka kusema hapana. Akachelewa kidogo kuisema. Si sana, kiasi cha mtu kumeza mate.

Kuchelewa huko ndiko kulikoharibu mambo, kwa sababu mke wa yule mtu alikuwa amefika.

Aliitwa Gaudiose. Alimshika mkono binti mdogo wa miaka kama mitano, na wote watatu walikuwa na bangili za kijani. Alisimama kwenye mlango wa hema akauona uso wa Aimable, akausoma ule ukimya kama mtu anavyosoma ubao wa barabarani.

"Cassien," akasema taratibu. "Huyu mtoto ni wa nani?"

"Simjui."

"Humjui. Lakini yeye anakujua mpaka tumbo."

"Nani hajui tumbo yangu, Gaudiose? Iko mbele!"

"Usiniletee mchezo. Kijana, jina lako nani?"

"Aimable Kalisa, Mama. Lakini…"

Gaudiose akatoa pumzi kwa pua. Kwingine duniani, hapo shauri lingekuwa limekwisha: baba anaitwa hivi, mtoto anaitwa vile, hawahusiani, kwaherini. Kigali si hivyo. Hapa kila mtoto huzaliwa akapewa jina lake mwenyewe. Binti yake Gaudiose aliitwa Keza Mukunde, kaka yake binti huyo aliitwa Arnaud Mugisha, wala hakuna aliyechukua Nshimiyimana ya baba yao. Kalisa angeweza kuwa mtoto wa Nshimiyimana kama vile mtu mwingine yeyote pale uwanjani. Jina halikumshtaki yule fundi, lakini halikuweza kumtetea pia.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Gaudiose akaangalia juu kwenye turubai, midomo ikihesabu. Kisha akashusha macho. "Kumi na minne. Ile wakati ulikuwa unalala Muhanga."

"Nilikuwa nashona yunifomu za shule!"

"Miezi yote ile?"

"Shule ilikuwa kubwa!"

"Hata masikio," Gaudiose akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Angalieni masikio." Na watoto wote waliopotea wakaacha kutafuna bisi, wakaangalia masikio ya Aimable, kisha ya fundi.

Lingekuwa jambo la kuchekesha kuliko yote aliyowahi kuyatunga. Angekuwa bwenini, angelisimulia muhula mzima, akiigiza sauti zote. Alijaribu kucheka ndani kwa ndani na kicheko hakikuja. Yule fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, aiskrimu ikimdondokea viatuni, akimtazama mke wake kama mtu anayeangalia maji yakiingia ndani ya nyumba.

Mukunde akamsogelea Aimable, akamkagua kuanzia viatu. "Wewe ni kaka yetu?"

Kisha akamgeukia Gaudiose.

"Atalala wapi, Mama? Anaweza kulala kwangu. Mimi ni mdogo, nitasogea."

Aimable akasimama. "Si yeye," akasema kwa sauti. "Mama, samahani. Mumeo simjui. Baba yangu ni mwingine, majina tu yamefanana."

"Sasa ndiyo unasema si yeye," Gaudiose akajibu, na sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa imechoka. "Umeniona nimefika. Alipokuwa peke yake ulinyamaza. Nilikuona. Kwa nini ulinyamaza?"

Aimable akaangalia tena yale magoti ya fundi yaliyojaa vumbi.

Spéciose akamweka chini yule mtoto mwenye hereni. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akatoa simu. "Tumalize. Baba yako huyo mwingine iko na namba?"

Aimable aliijua kwa moyo. Ndiyo namba aliyokuwa akimtajia matroni kila mwisho wa wiki. Wazo la kubadilisha tarakimu mbili za mwisho lilimjia, kama mawazo ya aina hiyo yalivyomjia siku zote, bila kubisha hodi. Akamwona fundi ameinua uso. Akaitaja namba yote, sawasawa.

Spéciose akabonyeza kipaza sauti, akaishika simu katikati yao. Ikaita kwa muda. Kisha ikapokelewa na kelele za mashine na mtu anayepiga mluzi kuelekeza lori.

"Allo?"

"Naongea na Cassien Nshimiyimana?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

Gaudiose akafumba macho. Akayafumbua, akamwendea mumewe, akalishika bega lake na kuliacha, akalishika tena. "Twende kwa Arnaud," akasema, "tumemwacha peke yake na vitu." Lakini hakuna aliyeondoka. Fundi akaitazama ile aiskrimu iliyobaki, akaitia mdomoni yote kwa mara moja, mbele ya kila mtu.

"Mzee," Spéciose alikuwa anaendelea, na ile sauti ya kanisani ilikuwa imepanda mimbari, "mimi iko na mtoto wako hapa, Aimable. Hapa tamashani Kimironko. Anakusubiri tangu mchana. Sasa wewe unamwahidi mtoto utakuja, halafu humtokei, ni vizuri?"



"Tamasha gani?" baba yake akauliza.

"La familia! Ulimwambia mkutane hapa."

"Mama, samahani, sijaelewa. Mimi niko Masoro. Aimable yuko nyumbani, Kabeza. Amepata shida? Amevunja kitu?"

"Hajavunja. Amesema uliahidi."

"Mimi?" Wakasikia mlango ukifungwa upande wa pili, kelele zikapungua, na sauti ikaja karibu zaidi. "Hajaniambia kitu. Leo hata zamu sikuwa nayo. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nimekuja kumshikia mwenzangu, nikajua nyumbani hakuna anayenihitaji. Mama, nipe mtoto niongee naye."

Spéciose hakumpa simu. Alimsogezea tu. Wote walikuwa wanamtazama: Spéciose, Gaudiose, fundi mwenye mdomo uliojaa, Mukunde, watoto waliopotea na bisi zao. Hakuwahi kuwa na hadhira iliyotulia namna ile. Akatafuta sentensi. Siku zote ilikuwepo moja, ndefu, yenye suti na tai, ya kusimama mbele yake watu wasimwone yeye. Akatafuta tena.

"Aimable?" simu ikasema.

"Ndiyo, Papa."

"Ni kweli sikuahidi, au nimesahau? Niambie ukweli. Siku hizi nasahau."

"Hukusahau. Hukuahidi. Nimewadanganya. Langoni, na hapa, na kila mahali. Sikukuambia kama kuna tamasha."

"Lakini kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Kule jukwaani wimbo ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wakipiga makofi. Aimable akasubiri makofi yapungue, maana hakutaka kulisema mara mbili.

"Kwa sababu ungesema utakuja."